Ngwe ya Amoding

Jumanne, 1 Machi 1977

Mimi, Ayub Otiende, ndiye mwenye bahati kuliko watu wote kuanzia Amagoro mpaka daraja la Malaba, na anayebisha alete ushahidi. Leo serikali ilileta ndoo moja na watu mia na ishirini walijipanga mbele yake, na mkono wangu ulipoingia ndani ulitoka na kazi.

Nieleze vizuri, maana daftari hili nimelinunua kwa Salim pale Malaba kwa nia ya kuandika mambo makubwa. Serikali imeamua vijiji vifikiwe na barabara. Si lami, ni maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, lakini barabara ya kweli, yenye mitaro na kalvati za kupitisha maji chini, ambayo gari litapita hata mvua ikinyesha. Yetu inatoka barabara kuu mpaka Akoret, kilomita tano, na haijengwi na matingatinga. Inajengwa na sisi, kwa majembe. Nafasi ni thelathini na tano. Sasa ovasia, yaani msimamizi wa kazi, Bwana Okal, mtu mrefu wa pikipiki ambaye hacheki, akakunja vikaratasi, vingine vimeandikwa NDIYO na vingine HAPANA, akavikoroga ndani ya ndoo. Akasema, "Hapa hakuna mtoto wa chifu wala shemeji wa diwani. Kila mtu na mkono wake."

Mkono wangu! Mkono huu umefunga turubai za malori kutoka Mombasa mpaka Kigali. Nimekula ndizi Kampala, samaki Jinja, na kichapo Nakuru. Nimesoma mpaka darasa la tano, na la sita nililichungulia dirishani. Siku hizi malori yamepungua kwa sababu ya mambo ya upande wa pili wa mpaka, Uganda, nikabaki na baiskeli na mdomo. Lakini bahati haikuniacha.

Jirani yangu Amoding, mjane wa marehemu Emuria, alipata HAPANA. Hajui kusoma, kwa hiyo alinipa kikaratasi chake nimsomee. Akaniuliza, "Umesoma vizuri, Ayub?" Nikamwambia, "Dada, nimesoma vibao vya njia nchi tatu, herufi sita zitanishinda?" Hakulia. Alikifunga kikaratasi kwenye pindo la leso yake akasema, "Nitakiweka. Siku moja nitajifunza kulisoma neno lililonikataa."

Ndivyo ndoo zilivyo.


Jumatano, 2 Machi

Kazi yenyewe ni ya ngwe. Asubuhi nyapara anapiga kamba, anasimika vigingi, kila mtu anapewa kipande chake cha kuchimba mtaro au kusawazisha. Hiyo ndiyo ngwe. Ukimaliza saa nne, nenda nyumbani saa nne. Ukimaliza jioni, shauri yako. Mimi nilimaliza wa kwanza.


Alhamisi, 3 Machi

Wa pili. Wa kwanza alikuwa Gaudencia, mama mmoja kutoka upande wa Busia aliyeolewa hapa kijijini. Wanawake ni wanne tu katika watu thelathini na tano. Gaudencia ana mikono kama nguzo za simu na mdomo mkubwa kuliko wangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona duniani.

"Mtu wa Kigali," akaniambia akipita na jembe begani, "kule walikufundisha kuchimba au kusimulia?"


Jumatatu, 7 Machi

Leo Amoding alikuja barabarani na jembe lake mwenyewe. Alisimama mwisho wa mstari wakati wa kuitwa majina, kimya, kama mtu aliyealikwa. Nyapara wetu ni Echodu, ndugu wa marehemu Emuria, yaani ni shemeji yake kabisa. Echodu akamwita mbele ya watu.

"We mama, jina lako liko wapi kwenye orodha hii?"

"Halipo."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja mtu augue."

Watu wakacheka. Echodu hakucheka. "Ndoo ilikukataa. Nenda nyumbani."

"Ndoo haikuniambia niende nyumbani, shemeji. Ilisema hapana, nimesikia. Haikusema nisisimame njiani. Njia ni ya serikali."

Alisimama mpaka saa tatu, kisha akaondoka kulima. Mimi nilikuwa naangalia kigingi changu. Kilikuwa kigingi kizuri, cha mti wa mwarobaini.


Jumanne, 8 Machi

Amekuja tena. Hakuna aliyeugua.


Jumatano, 9 Machi

Amekuja. Leo amebeba debe la uji wa wimbi, na ngwe zilipofika katikati akawa anawauzia watu. Mimi nilinunua vikombe vitatu nikanywa vyote, na uji siupendi. Mimi nina moyo mkubwa, hilo halina mjadala.


Ijumaa, 11 Machi

Jua. Mgongo.


Jumapili, 13 Machi

Niliendesha baiskeli mpaka Malaba kumsalimu Salim dukani. Amekaa kwenye kaunta na kofia yake ya kushona, watu wa upande wa pili wamejaa wakitafuta sabuni na chumvi, wananunua kama vile dunia inafungwa jioni. Nilimweleza Salim habari za ndoo. Nilieleza vizuri sana, nikaongeza kwamba Bwana Okal alinipa mkono. Salim akasema, "Mashallah, Ayub. Na yule mjane aliyekupa mahali pa kujenga, naye amepata?"

Nikamwambia hakupata.

"Masikini," akasema Salim, akampimia mtu chumvi.

Nieleze hapo. Mimi si wa Akoret kwa kuzaliwa. Kwetu ni Rukala, kule Budalang'i. Mwaka ule mto Nzoia ulipofurika ukachukua nyumba ya baba, ghala, na kuku wote pamoja na yule jogoo aliyekuwa anajiona. Nilifika Akoret nikiwa na baiskeli na shati. Emuria hakuniuliza mimi ni kabila gani. Alinikatia kipande kando ya boma lake, akasema jenga, na Amoding akaniletea moto na chungu. Emuria amekufa miaka miwili sasa. Yote hayo Salim anayajua, na sijui kwa nini aliuliza.


Alhamisi, 17 Machi

Kilomita moja imekamilika. Ukisimama barabara kuu ukatazama, unaona kitu kilichonyooka, chekundu, kimepandishwa katikati na kushuka pembeni ili maji yasikae. Wazee wanakuja kukitembelea jioni na fimbo zao. Nimewaambia barabara ya Kigali haikuzidi hii kwa sana.


Jumatatu, 21 Machi

Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri. Ilianza na upepo, kisha ikamwagika kama mtu amekasirishwa. Mitaro yetu ilichukua maji yote. Watu walisimama kwenye mvua wakishangilia mitaro! Hata Bwana Okal alifanya kitu na midomo.


Jumanne, 22 Machi

Mvua.


Jumatano, 23 Machi

Mvua. Amoding alikuja, amejifunika gunia.


Jumanne, 29 Machi

Nyumba ya Amoding inaegemea. Nimeiona leo nikipita, ukuta wa nyuma umeloa mpaka magotini. Nyasi za paa zimeoza, na nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, sasa hivi huzipati hata kwa dawa. Mwenyewe alisema mpango wake ulikuwa kazi ya barabara. Angepata ujira miezi miwili, angenunua mabati, basi.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Echodu amesema mbele ya wazee wa ukoo kwamba mjane ana boma iwapo nyumba ya mumewe imesimama. Ikianguka na mwenyewe ameshindwa kuisimamisha, uwanja unarudi kwa ndugu, na mjane anarudi kwao.

"Nani aliweka sheria hiyo?" nikauliza.

"Yeye. Juzi."

"Wazee wamesemaje?"

"Wamesema watatazama." Akaegemeza nguzo nyingine ukutani, akaipiga kwa kisigino cha jembe. "Basi watazame. Mimi sirudi kwetu. Kwetu ni hapa. Nimezika mtu hapa."

Nilimsaidia nguzo mbili. Nilipofika kwangu sikula.


Ijumaa, 8 Aprili

Ijumaa Kuu, hakuna kazi. Gaudencia alipita akienda kanisani, akanikuta nimekaa mlangoni.

"Umefiwa?"

"Hapana."

"Basi kwa nini huongei? Tangu juzi barabara imekuwa kimya, tunasikia mpaka ndege."

Nikamwambia jino. Akaniambia nifungue mdomo alione. Nikamwambia aende kanisani.


Jumatano, 13 Aprili

Nyumba imeanguka.

Ilikuwa alasiri, sisi tumemaliza ngwe, wengine wameanza kuondoka. Upepo ulitoka upande wa Tororo ukasukuma mvua ikaja kama ukuta. Tukajibanza chini ya trela la trekta linaloleta maramu. Tulisikia sauti, si kubwa, kama mtu mnene anakaa kwenye kiti. Gaudencia akasema, "Hiyo ni nyumba," akatoka mbio kwenye mvua, sisi nyuma yake.

Amoding alikuwa amesimama uwanjani, mzima, ameshika sufuria. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala, paa limelala juu yake kama kofia ya mlevi. Alikuwa ameshatoa kitanda. Alikuwa ameshatoa kuku. Alitutazama thelathini na zaidi tumejaa uwanjani tope mpaka mapajani, akasema, "Karibuni. Viti vimo ndani."

Watu wakacheka, bwana. Kwenye mvua ile. Mimi sikuweza.

Echodu alifika mvua ilipopungua, na mwavuli. Alizunguka yale magofu polepole, akigusa nguzo moja moja kwa ncha ya kiatu, anatenga nzima na zilizooza. Hakusema pole. Alisema, "Hizi sita bado zinafaa."

"Zinafaa kwa nani?" akauliza Amoding.

"Kwa mwenye uwanja."

"Mwenye uwanja ni mimi. Na wewe umesimama kwenye jiko langu."

Echodu akatazama chini, na kweli, alikuwa amesimama juu ya mafiga. Akasogea. Aliyapisha mafiga yale kabla hajafikiri, na watu wote waliona. Ndipo akakasirika. Akasema wazee watakaa tarehe ishirini na sita, na mpaka siku hiyo kama hakuna nyumba hapa, hakuna mjane hapa.

Amoding amelala kwangu. Mimi nimehamia kwenye banda la baiskeli. Nimeandika haya kabla ya giza.


Alhamisi, 14 Aprili

Gaudencia ametoa wazo. Aliongea huku anachimba, hakuinua hata kichwa. "Ngwe ni ngwe. Ukimaliza, siku ni yako. Sasa tukimaliza saa nne, sisi watu thelathini na tano, tuna siku nzima na mikono sabini. Nyumba ya udongo ina ugumu gani kwa watu wanaojenga barabara?"

Tukamaliza saa nne. Tukasimamisha nguzo za pembe zote nne kabla ya mvua, kwa kamba na vigingi, zimenyooka kama za serikali. Mimi niliongoza kwa mdomo. Nilichekesha watu mpaka mmoja akaanguka kwenye shimo la udongo. Nilikuwa nimerudi kuwa mimi, kwa muda wa saa sita.


Ijumaa, 15 Aprili

Nina sababu ya kuandika kurasa leo.

Asubuhi nilipoanza ngwe yangu nikaona jembe halifiki mwisho. Nilichimba, nikachimba, saa nne ikapita, kigingi cha pili bado kiko kule kama jamaa unayemdai. Nikatazama kushoto, Gaudencia anatokwa jasho. Nikatazama kulia, kila mtu anatokwa jasho. Echodu amekaa kwenye kivuli cha trekta, anakula muwa.

Kila mtu alidhani amechoka na kazi ya jana. Lakini mimi nimeishi kwa baiskeli, na gurudumu la baiskeli halichoki. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye spoki, nikaisukuma baiskeli kutoka kigingi hadi kigingi nikihesabu kitambaa kinavyopita juu. Ngwe za jana nilizijua kwa hakika, maana nilizipima nikijisifu: ngwe moja ni mizunguko minne ya gurudumu. Leo ilikuwa mizunguko sita.

Nikapima ya Gaudencia. Sita. Nikapima ya mzee mmoja wa mwisho. Sita. Wote wameacha majembe wananitazama.

"Mheshimiwa nyapara," nikapaza sauti, "barabara imerefuka usiku au vigingi vimetembea?"

Echodu akaja na muwa wake. "Unapima kazi ya serikali kwa baiskeli? Wewe ni injinia?"

"Mimi ni Ayub. Na baiskeli hii imepima njia nyingi kuliko suruali yako. Jana minne, leo sita. Nani amehamisha kamba?"

"Asiyetaka kazi aache jembe. Kuna watu themanini na tano waliopata HAPANA, nitawaita leo hii."

 Lile neno HAPANA lilinifanya niinamie spoki, lakini hakuna aliyejua kwa nini. Gaudencia akafanya jambo ambalo nitamheshimu nalo mpaka kaburini. Alilaza jembe lake chini, taratibu, kama unavyolaza mtoto, akakaa juu ya mpini. Yule mzee akalaza lake. Mmoja baada ya mwingine, majembe thelathini na tano yakalala kwenye mstari, na watu juu yake.

"Hatuachi kazi," akasema Gaudencia. "Tunangoja futi ya ovasia. Kazi tunaipenda. Tunataka ile iliyo ya serikali, si ile ya wivu wako."

"Mnakaa kwa ajili ya mwanamke mmoja?"

"Tunakaa kwa ajili ya mizunguko miwili."

Tulikaa saa tatu nzima. Jua lilitupiga, kisha wingu, kisha matone. Hakuna aliyenyanyuka. Amoding alikuja na debe la uji akapita kwenye mstari akimpa kila mtu, na leo hakutaka senti ya mtu. Alipofika kwangu alijaza kikombe mpaka kikafurika kidogo.

"Macho yako ni mazuri, Ayub," akasema. "Wewe ukisoma kitu, umekisoma."

Niliupuliza uji, sikunywa. Nilijifanya ni wa moto.

Pikipiki ilifika saa saba. Bwana Okal hakuuliza maneno mengi. Alitoa futi yake ya chuma, akapima ngwe tatu, akaandika kwenye kitabu chake. Akamwambia Echodu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Rudisha vigingi. Na ukivisogeza tena, utachimba wewe." Kisha akatazama kitambaa chekundu kwenye spoki, akanitazama mimi. "Nani amekufundisha?"

"Njaa, boss."

Akacheka! Nyote mnashuhudia. Bwana Okal alicheka.

Watu walinibeba. Walinizungusha Akoret wakiimba jina langu, ati Ayub mpimaji, Ayub mkweli. Nilikuwa juu ya mabega, naona mpaka paa za Amagoro, na sikuwahi kutaka kushushwa haraka kama leo.


Jumatatu, 18 Aprili

Fito zimefungwa.


Jumatano, 20 Aprili

Udongo. Tulikanyaga udongo na maji kwa miguu, thelathini na tano, kama ngoma. Leo kuta zimekandikwa upande wa mbele.


Jumamosi, 23 Aprili

Kuta zote nne. Paa hakuna. Mvua ya alasiri inazilamba kuta, kila asubuhi zimepungua unene. Nilimwendea Salim akanipa maturubai mawili machakavu ya lori, tukafunika. Ni kuta zilizovaa koti. Bati ndilo linalohitajika, na bati halinunuliwi kwa uji.


Jumanne, 26 Aprili

Wazee wa ukoo walikaa leo, uwanjani kwa Amoding, kuzunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mdomoni. Sisi wa barabarani tulisimama nyuma. Echodu alisema kuta si nyumba. Amoding alisema kuta ni nyumba inayongoja. Mzee mmoja alicheka kwenye mrija pombe ikatoa mapovu. Amoding alikuwa anashinda, naapa. Kila alichoulizwa alikijibu akiwa amesimama wima.

Ndipo Echodu akatoa silaha yake.

"Wazee, mimi nisilaumiwe. Ndoo haikuwa yangu. Ovasia si ndugu yangu. Kila mtu alitia mkono wake mwenyewe, mchana, mbele ya watu, na huyu, Mungu alimwambia hapana. Hata mgeni kutoka Rukala, aliyeletwa na maji, alipewa. Huyu akanyimwa. Mnataka nishindane na Mungu?"

 Nilimtazama Amoding nikingoja jibu. Mwanamke huyu alishinda mvua, alishinda kusimama siku thelathini mwisho wa mstari wa watu wenye kazi. Niliona mkono wake unakwenda kwenye pindo la leso, palipofungwa kile kikaratasi, ukakishika juu ya nguo. Na mabega yake yakashuka. Kidogo tu, kama paa linapoanza.

"Hilo," akasema, "hilo sina la kujibu. Labda ni kweli. Labda mimi sina mkono."

Wazee wamempa mpaka Jumatatu. Afunge vitu vyake.


Jumatano, 27 Aprili

Nilitaka kuandika jambo hapa, kalamu imekauka.


Alhamisi, 28 Aprili

Kalamu haijakauka.


Jumapili, 1 Mei

Mvua mchana kutwa. Amoding anafunga vitu kwenye gunia, anakunja polepole kila nguo. Nilimwambia dada, ngoja kwanza. Akaniuliza angoje nini. Nilitaja bahati. Akasema, "Bahati ni yako, Ayub. Nakuombea ikae."


Jumatatu, 2 Mei

Barabara leo imefika mbele ya boma la Amoding. Kamba ilipigwa alfajiri, na ngwe yangu, namba kumi na saba, iliangukia sawasawa mbele ya zile kuta zake zenye koti. Bwana Okal alikuwepo, wazee walikuwepo kumshuhudia Amoding akiondoka, Echodu alikuwepo na mwavuli. Majina yakaitwa. "Ayub Otiende!"

Sikuitika. Nikatoka kwenye mstari na jembe la serikali mkononi.

"Bwana Okal, hilo jina lifute."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Jina si langu. Nafasi ile ni ya mama huyu."

Nikaisema. Sikuipamba, mimi ambaye hupamba mpaka salamu. Kwamba tarehe moja Machi nilikuwa na vikaratasi viwili mkononi, changu na chake, alichonipa nimsomee. Nilifungua changu kwanza, kisha chake. Na nilimrudishia kisicho chake, nikaenda kwa ovasia na kile kingine, cha NDIYO. Nikasema Mungu hakumkataa mtu yeyote siku ile. Ni mimi.

Gaudencia alisema, "Ayub!" kama mtu aliyekanyaga moto. Echodu akaanza kusema kwamba maneno ya mlevi hayabadilishi orodha. Bwana Okal akamwinulia kidole anyamaze. Akafikiri. Akasema serikali haina fomu ya jambo la namna hii, lakini jina likitoka, jina linaingia. Akapiga mstari. Akamuuliza Amoding jina lake kamili, akaliandika, pikipiki ikiwa meza.

 Amoding alikuja mpaka mbele yangu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeweka shavu tayari. Alifungua pindo la leso kwa meno, akatoa kile kikaratasi, kimechakaa, kimelainika kama nguo.

"Hiki ni chako?"

"Ni changu."

"Chukua mali yako. Leta jembe."

Nikampa. Akasogea mpaka kwenye kamba, mbele ya uwanja wake. Echodu alikuwa amesimama palepale kati ya vigingi. Amoding hakumwambia shemeji wala nini. Aliinua jembe juu, likashuka sentimita chache kutoka kwenye kiatu, na Echodu akasogea. Mara ya pili. Wazee wakatazamana. Yule wa mrija akasema, "Basi, jambo limekwisha. Mwenye kazi ya serikali atakosaje bati?" wakaondoka na viti vyao.

Alimaliza ngwe saa tatu na nusu. Kabla ya Gaudencia.

Nilimpelekea maji. Akanywa, akanirudishia kata bila kunitazama. "Kesho usinisalimie," akasema. "Keshokutwa nitaona."

Mimi sina kazi sasa. Nina baiskeli, na barabara nzuri ya kuiendeshea mpaka Malaba, ambayo sikuimaliza. Kikaratasi nimekibandika hapa chini kwa uji wa wimbi, mtu yeyote akifungua daftari hili akione. Kimeandikwa HAPANA. Hicho ndicho mkono wangu ulitoa kwenye ndoo. Ukurasa wa kwanza ni uongo. Sikuwa na bahati, niliiba ya mwenzangu.